Gari la Vizazi

"Vua viatu," baba alimwambia mgeni mlangoni mwa chumba cha gari. Sebuleni watu waliingia na viatu vyao, kwani sebuleni hapakuwa na vigae.

Mgeni alikuwa mnunuzi wa magari ya zamani. Binti wa nyumba ndiye aliyemwita. Yeye, mumewe na watoto watatu walilala sebuleni na kukunja magodoro kila asubuhi, huku gari likilala peke yake katika chumba kikavu kuliko vyote. Likiuzwa, wangepata pa kulala kama watu.

Baba alipomwona mgeni vizuri, alisahau kumpa mkono.

"Hili haliuzwi," alisema, akilivua shuka taratibu kama anayemfunua bibi harusi. "Ni mali ya vizazi. Kila mwaka linapanda thamani. Wajukuu wangu watakuja kunishukuru."

Mjukuu wa kwanza, msichana aliyekakamaa shingo kwa kulala chini ya meza, alishukuru kwa kuguna.

Gari liling'aa. Ungeweza kujitazama mlangoni mwake ukachana nywele.

"Linatembea?" mgeni aliuliza.

"Litembee liende wapi? Kila kilomita inakula thamani."

"Hata kuliwasha tu?"

"Kuliwasha ni kulichakaza."

"Boneti yenyewe haturuhusiwi kuigusa," binti alisema. "Tukitaka kufagia tunalisukuma. Afadhali ni jepesi, hata mimi nalisukuma peke yangu."

"Watu wa zamani walitengeneza magari kwa akili," baba alijibu.

Mgeni hakuomba kufunguliwa boneti. Aliomba kadi ya gari tu. Baba akasema imepotea siku nyingi. Binti akaitoa kwenye mkoba. Alikuwa ameichukua kabatini asubuhi ile ile. Mgeni akasoma namba ya injini, akafungua daftari lake, akalinganisha tarakimu moja moja kwa kidole.

"Ndilo," alisema, kisha akataja bei.

Mume wa binti aliketi sakafuni bila kukusudia. Kwa bei ile wangejenga vyumba viwili na choo chao.

"Hapana," baba alisema.

"Baba, jamani."

"Mnataka nile urithi wa watoto wenu? Mtu wa kuuza mali ya ukoo si mimi." Mikono yake yote miwili ilikuwa imeikandamiza boneti. "Nyinyi mnawaza kulala. Mimi nawaza miaka hamsini ijayo."

"Miaka hamsini ijayo tutakuwa tumelala kweli kweli," mkwewe alisema kutoka chini.

Mgeni aliinamisha kichwa kwa heshima, akaaga.

Binti alimkimbilia hadi getini.

"Kaka, usikate tamaa. Nipe wiki moja nimbembeleze. Akikubali, utakuja na dereva?"

"Nitakuja na kamba, dada," mgeni alisema kwa sauti ya chini, asije akasikika ndani. "Injini yake iko kwangu mwaka wa tisa huu. Baba yako aliniletea mwenyewe kwa mkokoteni, akasema anatafuta hela ya rangi."