Sauti Kwenye Simu ya Marguerite

Marguerite alipopewa kipaza sauti pale Alief, mtaa aliohamia ughaibuni, kwenye kikao cha wabunge kuhusu bima ya meno kwa watu wazima, aliyaacha maneno yote aliyoyapanga. Akatoa simu, akafungua ujumbe wa sauti aliotumiwa akiwa kazini, akaisogeza kwenye kipaza sauti.

Sauti ya marehemu mumewe ikajaa ukumbini, nzito, ya mtu aliyevimba shavu hadi ulimi hauna pa kugeukia. Kadi yake ya bima haikulipia meno. Hospitali ilimpa vidonge vya maumivu, ikamrudisha nyumbani.

“Anasema nini?” mbunge mmoja akauliza kupitia kwa mkalimani.

“Anasema, ‘Mama watoto, usiombe ruhusa, maliza zamu yako. Jino haliumi tena,’” Marguerite akajibu.

Mbunge akashusha pumzi. “Kwa hiyo alipata nafuu?”

Marguerite akaitazama simu.

“Nilimaliza zamu,” akasema. “Nilipofika nyumbani, nilimkuta amekufa.”