Kipande cha Baba

Alasiri ya siku waliyomzika baba yao, kaka yake Inshirah aliingia na jembe la shambani katika maabara alimofanya kazi dada yake, pale mjini Mansura. Kwa pigo moja kabati la vioo likabomoka.

"Mtu huzikwa na viungo vyake vyote! Nipe kipande cha baba, bingwa wa mikojo wee!"

Inshirah alikifumbata: uvimbe uliotolewa kwenye kibofu cha baba, umehifadhiwa ndani ya nta, mdogo kama punje ya dengu. Kaka akamkaba koo. Viganja vyake vilikuwa vimekatwa na vioo, na damu ikamtiririkia Inshirah kifuani.

"Niue, ila nisikilize kwanza," alikoroma. "Jeni iliyopaswa kumkinga baba na saratani haikuharibika. Ilifungwa kwa alama za kemikali, kama mlango mzima uliopigiliwa misumari. Nimepima na mkojo wako, ule uliouleta upimwe kichocho."

"Ehe?"

"Kwako pia misumari imeanza kupigiliwa, kaka."

Vidole vikalegea kimoja kimoja.

Kile kipande walikifukia kaburini kwa jembe lile lile. Siku hizi, kila baada ya miezi mitatu, kaka huleta mkojo wake kwenye chupa, kisha huketi kando ya kabati lisilo na kioo mpaka majibu yatoke.