Bushi Iliyolika

Bushi ya shaba, pete inayoishika ekseli ya mashine ya mkonge, ilikuwa imelika upande mmoja hadi ikawa nyembamba kama ukucha. Fundi Kibwana aliijua hali hiyo tangu mwezi uliopita, lakini alimwambia shemeji yake, mume wa dada yake, aliyekuwa akilisha mkonge mashineni, kwamba itavumilia. Haikuvumilia; mashine ilimvuta shemeji, akazikwa juzi huko Mlali.

Sasa Mdachi mwenye shamba alitaka bushi itolewe bila ekseli kupata hata mkwaruzo. Ikikwaruzika, ni hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Kibwana alifungua mkanda unaoizungusha mashine, akakipasha moto kwa makaa chuma kilichoibana bushi, kisha akaigonga polepole kwa nyundo ya mti, upande huu na upande huu, isije ikakwama.

Dada yake aliingia kiwandani kuchukua nguo za marehemu mumewe.

“Shikamoo, kaka. Nani anagonga humo ndani?”

“Marahaba. Ni mimi.”

“Mbona wewe umetulia?”

Kweli, nyundo ilikuwa imelala mapajani mwake, na mkono wake ulikuwa umeishika ekseli tu. Ndani ya mashine kitu kiligonga mara mbili, kikanyamaza, kikagonga tena mara moja.

“Ni chuma kinapoa,” alisema Kibwana.

“Hapana. Ndivyo alivyokuwa akibisha mlangoni kwangu.”

“Usiitikie, dada, nakusihi. Mimi ndiye niliyemwambia bushi itavumilia.”

 Dada aliigeukia mashine.

“Karibu, mume wangu.”

Kibwana alikuwa bado ameishika ekseli. Aliisikia ikianza kuzunguka, taratibu, kiganjani mwake.