Sufuria Moja

"Kijana, umewahi kupika supu ya samaki?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Msimamizi wa mtihani, aliyeketi katikati ya kijana huyo na Aune Kortesuo, mama aliyeuliza, akakohoa kwa aibu. Ilari Vehmas hakucheka. Koti lake la sherehe lilikuwa jipya, na jasho lilimtiririka shingoni ingawa nje theluji ilikuwa imeufunika mji wote wa Turku.

"Nimewahi, mama."

"Viazi vilikaa wapi?"

"Chini."

"Na mafuta?"

"Juu."

"Sufuria ngapi?"

Ilari akainamia picha zake za mawe. Mezani mbele yao palikuwa na kofia moja nyeusi ya udaktari. Aune Kortesuo hakutaka kuitazama.

Walikuwa wakibishania kilima cha Ruskeakallio, chenye mawe meusi mazito chini na mawe mekundu juu. Aune alishikilia kwamba yote ni ya magma moja, uji wa mawe ulioganda polepole chini ya ardhi zama za kale: chembe nzito zilitangulia kuzama, nyepesi zikabaki juu. Ilari alikuwa akipinga tangu asubuhi. Kwake yeye, mekundu yalizaliwa kwingine kabisa, yakaja kulala juu ya meusi. Hoja moja ingesimama na nyingine ingeanguka, na udaktari wa mtu ungeanguka nayo.

Asubuhi ile Kauko, mwanawe Aune, alimsihi huku akimfunga vifungo vya gauni mgongoni.

"Mama, usimbane sana yule kijana. Karamu ya jioni, kwa desturi, ni kwa heshima yake. Mtatazamanaje mezani?"

"Atakula mpaka ashibe," Aune alimjibu. "Lakini kwanza atanijua."

Hakuwa na huruma ya kugawa, si ndani ya ukumbi huu. Desturi ya hapa ni kwamba, mabishano yakiisha, mtahiniwa huwageukia watu na kuuliza kama kuna mwenye pingamizi. Kwa kawaida hakuna anayeinuka. Lakini zamani, Aune akiwa bado na nywele za manjano, swali hilo lilipoulizwa aliinuka profesa mmoja wa kiti cha mbele. Akasema mwanamke anayedhani jiwe jeusi na jekundu ni ndugu arudi jikoni akaangalie sufuria zake. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kazi ya Aune ikatupwa. Aune alilia ngazini siku ile, akaapa kwamba jiwe halitamliza tena.

"Tuseme mafuta yalimwagwa kutoka sufuria nyingine," Ilari akasema ghafla. "Utajuaje?"

Swali zuri. Aune akampenda kidogo, akakasirika kwa kumpenda.

"Pangekuwa na mpaka, bwana mdogo. Pale weusi unaingia kwenye kijivu, kijivu kinaingia kwenye wekundu, hatua kwa hatua. Mpaka wako uko wapi? Nionyeshe!"

Ilari akapekua picha zake, akazirudisha mezani.

"Nilikwenda mwenyewe kabla ya theluji," akasema, sauti ikishuka. "Nilitambaa kilima chote kwa magoti. Nilitaka sana kuuona, mama. Haupo."

Ilari akafunga kitabu kilichokuwa mbele yake, akaivuta upande wake ile kofia nyeusi, kofia yake ya mtahini, akainamisha kichwa kwa adabu. Msimamizi akaitikia kwa kichwa: desturi ifuatwe.

Aune Kortesuo, miaka themanini na mmoja, akainuka huku magoti yakilia. Akaugeukia ukumbi, macho yakatua kwenye kile kiti cha mbele alichoinukia profesa yule zamani.

"Kama kuna mwenye pingamizi juu ya kazi yangu," akasema, "ainuke nimwone."