Nukta Kumi na Saba

Nukta ya kumi na saba Nthenya aliichora kwa kalamu nyekundu, akaikandamiza hadi karatasi ikatoboka.

"Hapa alikuwa anatufuata mtoni, mimi na Njoki. Ati anaenda kuosha sufuria. Sufuria gani, na mpishi yupo?"

Wasichana wanne walikuwa wamebanana mezani kwa mama yake Nthenya, mtaani Ziwani, Jumamosi moja mchana, mwaka wa 1979. Mbele yao palikuwa na ramani ya kambi waliyoichora kwenye karatasi ya grafu: mahema, jiko, choo, stoo ya kuwekea mawe ya kale, na shimo walilochimba Aprili yote. Hivyo ndivyo walivyofundishwa katika darasa la akiolojia. Kitu cha kale hakina mdomo. Ukitaka kujua kilikuwa na kazi gani, weka alama mahali ulipokikuta. Basi na Mzee Zedekiah, nyapara wa wachimbaji, wakamwekea alama kama kigae cha chungu.

Na alama zilisema. Mzee alikuwa amehamisha kitanda chake kutoka upande wa wafanyakazi, akakiweka hatua kumi kutoka hema la wasichana. Msichana akienda choo, Mzee anakohoa njiani. Msichana akibaki stoo kupanga mawe na Daktari Kabiru, mwalimu wao wa akiolojia, Mzee anaingia kuuliza misumari. Mara tatu alasiri moja! Mtu anajenga nini na misumari yote hiyo?

Kilichomuuma Nthenya zaidi ni kwamba Mzee alikuwa wa kwao. Nyumba yake ilikuwa mstari wa pili, nyuma ya bomba la maji. Ni yeye aliyemwambia mama, "Mwache mtoto aende. Mimi niko." Mama akaamini, Nthenya naye akaamini. Sasa kila alipoyakumbuka maneno hayo alitaka kulia kwa hasira.

"Haya, tutie saini barua ya kumshtaki," alisema.

Alitia yeye kwanza, kisha Njoki, kisha Wangu. Nthoki aliitazama kalamu, akairudisha mezani.

"Mimi sitii."

"Kwani wewe hukumwona?"

"Nilimwona."

"Sasa?"

Nthoki alichukua sweta yake akatoka bila kuaga. Njoki akasonya. Hakuna aliyemfuata.

Barua waliipeleka kwa Daktari Kabiru, mkuu wa kambi, kwa kuwa ni yeye mwenyewe aliyewaambia waandike. Alikuwa ameona nyuso zao zimekunjana, akawauliza kwa upole nani anawasumbua. Ndivyo alivyokuwa, mwalimu wa kusikiliza. Aliisoma barua, kisha akaitazama ramani kwa muda mrefu sana.

"Kazi nzuri," alisema. "Mmesoma ushahidi kama nilivyowafunza. Kambi ya Agosti itakuwa salama, nawaahidi."

Wiki haikuisha kabla Mzee Zedekiah hajafutwa kazi, miaka ishirini na miwili ya kuchimba ikaishia hapo. Aliitwa mbele ya wakubwa akaulizwa kama ni kweli alihamisha kitanda. Akajibu ndiyo. Akaulizwa kwa nini. Akanyamaza. Wakamuuliza tena na tena, naye akazidi kutazama viatu vyake. Mtu asiye na hatia hujitetea, au sivyo? Kila mtu aliona hivyo.

Jioni ile Nthenya alikutana naye kwenye bomba.

"Umeshindaje, mama?" Mzee alimsalimu, kama alivyomsalimu tangu akiwa mdogo.

Nthenya alijitwika debe lake akampita kama hajasikia. Hakuwa amewahi kumnyima mtu mzima jibu maishani mwake, na alisikia raha. Alipofika nyumbani alimsimulia mama, na mama akasema amefanya vizuri.

Julai orodha ya kambi ikabandikwa, na chini yake kanuni mpya za usalama zilizopigwa taipu. Hakuna mfanyakazi kuvuka upande wa wasichana. Hema la wasichana litasimamishwa karibu na la Daktari, aweze kuwasikia wakiita. Kiongozi wao atakuwa Nthenya, naye atamsaidia Daktari kazi ya stoo. Nthenya alizisoma mara mbili huku akitabasamu. Wasichana watatu na grafu yao wamebadilisha kambi nzima!

Kisha akaona jina la Nthoki limekatwa. Amejitoa mwenyewe, karani alisema. Na bila kambi ya Agosti hakuna digrii; hilo kila mwanafunzi alilijua tangu siku ya kwanza.

Nthenya hakungoja. Alitembea kwa hasira hadi Makadara, Nthoki alikokaa na dada yake, akamkuta uani anafua.

"Wewe ni mtu wa aina gani?" alianza hata kabla ya kukaribishwa. "Ulikataa kututilia saini, tukakusamehe. Tumekuondolea yule mzee, tumekutengenezea kambi, halafu ndiyo unatukimbia?"

"Nenda nyumbani, Nthenya."

"Siendi! Miaka yote miwili unaitupa hivi hivi? Mzee Zedekiah hayupo. Hatakuwepo tena. Bado unamwogopa?"

Nthoki aliacha kufua. Mikono yake ilikuwa na povu hadi viwikoni.

"Mzee ni mimi niliyemwomba awe karibu na sisi," alisema. "Nikamwapisha asimwambie mtu, kwa sababu baba akisikia atanitoa chuo. Daktari alikuwa ameshaingia hemani kwetu mara mbili, nyinyi mkiwa mmelala."