Kuitwa Mara Tatu

Siku ya Ijumaa, mchana kweupe, Tusajigwe aliita jina la baba mkwe wake mara tatu, kwa sauti iliyovuka kijito.

Ng'ambo, jirani yake Tusekile alikuwa akichuma kahawa. Alizisikia zote tatu. Akaweka kikapu chini, akaenda kisimani kuteka maji ambayo hakuyahitaji, na kabla ndoo haijajaa kijiji kizima kilikuwa na habari.

Kwa Wanyakyusa wa milima ya Tukuyu, mwaka ule wa 1954, hilo halikuwa jambo dogo. Mkamwana hamtazami baba mkwe wake, hapiti njia aliyomo, na jina lake halitamki hata akiwa peke yake shambani. Tusajigwe alikuwa hodari wa adabu hiyo. Kwa jirani kulikuwa na mtoto aliyeitwa Saulo. Yeye alimwita "wewe kijana". Kanisani, zamu yake ya kusoma ilipoangukia habari za mfalme wa kwanza wa Israeli, alisoma "yule mrefu" mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyecheka.

Maana baba mkwe wake naye alikuwa Saulo.

Mzee Saulo alikuwa mzee wa kanisa mwenye ugonjwa mmoja tu: jinamizi. Akijilaza baada ya chakula cha mchana, siku nyingine humkaba. Macho yako wazi, masikio yanasikia, lakini hata kidole hakiendi, na pumzi inakatika. Dawa yake inajulikana: aitwe kwa jina. Si "Baba", maana baba ni wengi na jinamizi halijui anatakiwa yupi. Jina lake hasa.

Kazi hiyo ilikuwa ya dada yake mkubwa, Damari, aliyeishi naye. Damari akiita "Saulo!" mara moja tu, mzee anakohoa, anainuka na kuomba maji. Damari alifariki wiki ya Pasaka. Tangu hapo hakuna aliyemwita jina lake tena: nyumbani mzee alikuwa Baba na Babu, kanisani Mzee wa Kanisa, na kwa majirani Baba Asukile. Huyo Asukile, mwanawe, ndiye mume wa Tusajigwe, na alikuwa mbali, Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu.

Ijumaa hiyo Tusajigwe alikuwa nyuma ya nyumba akimenya ndizi aliposikia mkoromo chumbani kwa mzee. Akajua. Hapakuwa na mtu mwingine wa kumwambia; wote wa nyumbani walikuwa wamekwenda msibani. Kuingia mle hawezi, na kumtikisa ndiyo kabisa.

"Baba!" aliita.

Wapi! Mkoromo ulizidi kukatikakatika. Tusajigwe aliwafikiria wanawe wawili, kwa kuwa mke akirudishwa kwao watoto hubaki. Kisha akageukia migomba, akafumba macho, akaita.

"Saulo!"

Kimya. Hata mkoromo ulikoma. Akadhani amekufa.

"Saulo!"

Kimya.

"Saulo, jamani!" Sasa alikuwa analia.

Ndani, mzee akakohoa.

Jumamosi wazee walikaa uani kwa Saulo, Mzee Yotamu akiongoza. Msemaji wa ukoo alikuwa Gideoni, mtoto wa marehemu kaka yake Saulo, mtu wa miaka arobaini aliyependa sheria kuliko chakula.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema Gideoni. "Ya kwanza ilikuwa ya kuokoa mtu, hiyo tunasamehe. Lakini Shangazi Damari alikuwa akiita moja na inatosha. Hizi mbili za juu ni za nini? Kama Baba Mdogo alifunguka ya kwanza, basi ya pili na ya tatu ni dharau, na mwenye dharau arudi kwao."

Wazee wakaguna. Kwa kweli hawakuona kasoro.

Tusajigwe alikuwa nyuma ya ukuta, amejifunika khanga kichwani.

"Hakuitika, wazee wangu," alisema kutoka huko. "Nilidhani amekufa. Niliogopa sana."

Mzee Yotamu akamgeukia Saulo.

"Baba Asukile, aliyekabwa ni wewe. Ulifunguka ya ngapi?"

Saulo alivua kofia. Kila mtu pale alijua kwamba katika miaka thelathini tangu abatizwe hajasema uongo, hata kwa bwana shamba.

"Ya tatu," alisema.

Mambo yakaisha. Gideoni akaomba radhi, shingo upande. Nyuma ya ukuta Tusajigwe alilia kwa furaha mpaka kwikwi ikamshika. Akachinjwa kuku wa kuondoa nuksi, na Saulo ndiye aliyemtoa, ingawa hakuna aliyemdai. Watu wakasema, ama kweli mkwe kama huyu ni bahati.

Jumapili, baada ya ibada, wenzake walipoondoka, Saulo alimfuata Mchungaji Fanueli.

"Mchungaji, nimesema uongo barazani."

"Wewe, Mzee wa Kanisa? Kumbe hukufunguka ya tatu?"

"Ya kwanza."

"Sasa mbona hukuinuka? Mtoto wa watu nusura avunjiwe nyumba!"

Saulo alizungusha kofia yake mikononi.

"Ilikuwa tamu, Mchungaji," alisema. "Nikajilaza kimya, nisubiri ya pili."