Kanga Kitandani kwa Mzee Nzai

Kanga ilipatikana chini ya mto wa Mzee Nzai, na haikuwa yake. Mercy, mfagiaji, aliichomoa akaipepea mbele ya watu kama bendera. Nyekundu, inanuka mafuta ya kuchua.

Kesi ikasikilizwa barazani saa hiyohiyo, kabla uji haujapoa. Abdulwahab, msimamizi wa ile nyumba ya wazee pale Msambweni, alianza kwa kumwamkia mshitakiwa, maana adabu ni adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

Vibaya, alitaka kujibu. Masharti ya nyumba yalikuwa yamepakwa rangi ukutani, juu ya kichwa cha mzee. La kwanza: nyumba ni ya wasio na mtu, mwenye mume au mke hapokelewi. La pili: wanaume upande wao, wanawake upande wao. Yaliyobaki yalihusu kuku, tumbaku na kutema mate. Kuku na tumbaku Nzai alikwisha kuonywa. Onyo la tatu ni kufungasha virago, na mzee hakuwa na pa kwenda. Ukame wa Kinango ulimmalizia ng'ombe wote, na nyumba yake huko sasa ni ya mchwa.

"Kanga ya nani hii, mzee?"

Nzai akatazama vidole vya miguu yake. "Ya mtu."

"Ya mtu," Bi Mbodze akamwiga kwa kubana pua.

Hakuna aliyeshangaa. Mbodze alifika pale siku chache baada ya Nzai, na tangu hapo hawapikiki chungu kimoja. Nzai akikohoa, Mbodze anasonya. Nzai akicheka, Mbodze anahamisha kiti.

"Ya kisichana cha Ukunda hiyo," akaendelea. "Mzee mzima, meno matatu, anaingiza wasichana dirishani. Huna haya wewe?"

"Taratibu, Bi Mbodze," Nzai akasema. "Presha itapanda."

"Presha yangu inakuhusu nini?"

Wazee wakaangua kicheko. Mzee Sefu, ambaye siku zote alikitamani kile kitanda cha dirishani, alitaka Nzai afukuzwe kabla ya chakula cha mchana. Abdulwahab akaona mambo yamemzidi. Kumfukuza roho inakataa, kumwacha haiwezekani, na tajiri mwenye nyumba angezipata habari kabla ya adhuhuri, kwa kuwa Mercy ana simu na ana mdomo.

Aliyemwokoa alikuwa Mbodze mwenyewe.

"Kumfukuza ni kumpa raha," alisema. "Atakwenda zake Kombani afanye atakalo. Mtieni kwenye stoo, ubavuni mwa chumba changu, nione huyo msichana atapitia wapi. Ufunguo wa mlango wa katikati nikae nao mimi, asije akaniibia."

"Lakini stoo iko upande wa wanawake, Bi Mbodze."

"Stoo haina mwanamke wala mwanamume. Ina magunia. Na godoro lake aende nalo lilelile, ama sivyo tutasikia habari za mgongo wake hadi Idi."

Hukumu ikapita. Nzai akahamishwa, kichwa amekiinamisha, godoro begani mwa Abdulwahab, Mbodze nyuma yao akiwasuta wote wawili. Abdulwahab alijipongeza kimoyomoyo. Nyumba imetulia, mzee amebaki, na kuishi jirani na mdomo ule ni adhabu ambayo hata tajiri asingeweza kuibuni.

Alasiri huruma ikamshika. Akatia kikombe cha chai na mahamri mawili kwenye sinia, akampelekea mfungwa wake. Mlangoni pa stoo akasita. Ndani aliisikia sauti ya Mbodze, ya chini na ya upole, ambayo hakujua kuwa anayo.

"Sogea huko, Baba Kombe. Tangu unioe hujawahi kunibakishia nafasi kitandani."

Abdulwahab akakitazama kile kikombe kimoja kwenye sinia, akageuka polepole kurudi jikoni kuchukua cha pili.